Pamba Tumboni mwa Gitaa

Nianze kwa kukiri, ili wenye kucheka wacheke mapema wapumzike: siku ile mjinga alikuwa mimi. Constantine aliyeniuzia alikuwa muuzaji tu, na gitaa lilikuwa gitaa tu. Nafasi ya mjinga ilikuwa wazi, nikaikalia mwenyewe, tena kwa raha.

Na si kwamba mimi ni mgeni wa kuibiwa. Mimi Maige, fundi baiskeli hapa Bariadi, nimeshauziwa simu ambayo ndani ilikuwa kipande cha sabuni, nikaifulia. Nimeshauziwa mtamba ambaye tulipomfungua mdomo tukakuta ana meno ya bibi yake. Kwa hiyo nilipoamua kwenda Lamadi kununua gitaa, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa.

Nililitaka lile la umeme lenye tumbo. Mengine ni ubao mtupu. Hili ndani lina uwazi, na usoni lina matundu mawili marefu yaliyopinda kama herufi f. Sauti yake ni nene, kama ya mtu anayeongea akiwa ameshiba. La kwaya yetu lilikuwa la ubao, lina sauti ya bati la choo upepo ukivuma. Tangu nikiwa kijana nilikuwa nalisikia lile lenye tumbo kwenye redio za watu na kujiambia, ipo siku. Sasa, yale yenye majina makubwa bei yake ni madume wawili wa kulimia. La Constantine lilikuwa la Kichina, limeshatumika, na bei yake ilikuwa ya mbuzi watatu wa kawaida. Hapo ndipo na sisi tunapumua.

Nikalikagua. Nilifumba jicho moja nikaitazama shingo kwa urefu wake, kama ninavyotazama rimu, nikaona imebonyea kidogo, jambo la kukaza tu. Nikapitisha kidole kwenye vile vyuma vidogo vya shingoni, havijaliwa sana. Vikazio vya nyuzi, kimoja kinateleza. Nikapiga kila uzi kila mahali nikisikiliza wapi unakwaruza. Mwisho nikaomba tulichomeke kwenye spika.

"Umeme hakuna," akasema Constantine.

Nyumba ya pili redio ilikuwa inaimba.

"Hiyo ya betri," akasema, kabla sijauliza.

Nikamwomba apunguze elfu thelathini. Akapunguza hamsini. Wewe msomaji umeshaona, mimi sikuona. Muuzaji wa Lamadi akikupunguzia zaidi ya ulichoomba, weka hela mfukoni kwanza uulize maswali. Nilikagua kila kitu cha gitaa lile, nikasahau kuuliza lilikuwa la nani.

Nilimkuta mke wangu Milembe anapepeta mchele uani.

"Mwadila," nikamsalimia.

"Mwadila. Umelipata?"

Nikalitoa kwenye gunia. Akalitazama akatabasamu, maana na yeye alikuwa amechoka kunisikia nikilililia. Kisha akainama, akachungulia kwenye tundu moja, akahamia la pili, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Baba Gloria, hiki cheupe ni nini?"

"Pamba."

"Naona ni pamba. Inafanya nini humo?"

Sasa hapa kwetu pamba haimshangazi mtu. Msimu wa kuuza iko kila mahali, mpaka kwenye miiba ya uzio ambako malori yamepita. Lakini Milembe alikuwa amemwosha mama yake kwa mikono yake mwaka juzi, na mara ya mwisho kuona pamba imeshindiliwa kwenye matundu mawili, yalikuwa ya pua.

"Umeniletea maiti," akasema.

"Maiti gani ina nyuzi sita?"

"Wewe cheka. Ila hizo zitoke, na zitokee hapa nje, zisiingie ndani kwangu."

Nikachukua spoki ya baiskeli, nikaipinda ncha, nikaanza kuvuta. Zilitoka polepole, nyingi kuliko nilivyodhani tumbo lile lingebeba. Zilikuwa pamba za shambani, bado zina mbegu, na zilipangwa tabaka kwa tabaka. Kuna mtu alikaa chini akaifanya kazi ile kwa subira. Fundi mwenye akili angejiuliza alikuwa anatafuta nini. Mimi nilimpa Milembe akazichome nyuma ya choo. Nilipogusa uzi, gitaa likavuma kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Umeona?" nikamwambia. "Lilikuwa limezibwa pumzi."

Milembe alikuwa anaangalia moshi.

Wiki ile nililihudumia kama mgonjwa. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachokazwa kwa spana ndogo ya L, na wengi huliua gitaa hapo kwa pupa. Mimi hunyoosha rimu kila siku: unakaza robo, unaacha, unagonga spoki kwa kucha unasikiliza inasema nini, unakaza tena. Nikaifanyia shingo hivyo hivyo, robo ya leo na robo ya kesho. Nikaweka nyuzi mpya, nikasugua ubao wa shingo kwa tone la mafuta maana kiangazi chetu hukausha mbao mpaka zikapasuka, nikalitundika ukuta wa ndani, mbali na joto la bati.

Jumatano nilirudi nikamkuta Milembe amekaa nje juani na Gloria mapajani, mlango umefungwa.

"Limeimba," akasema.

"Nani?"

"Gitaa lako. Saa tisa. Hakuna aliyeligusa."

Alhamisi nikawahi kurudi ili nimcheke vizuri. Saa tisa ikafika, na kweli, uzi mmoja mnene ukaanza kutoa sauti ndogo, wenyewe, ukutani. Nikasimama nikawaza, nikatoka nje, nikarudi nacheka. Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kusaga, na saa tisa ndiyo huwashwa. Mngurumo wake unatembea ardhini unapanda ukutani, na kitu chenye tumbo kikishikwa na mngurumo kinaitikia. Nikamshika Milembe mkono, nikaweka kidole chake ukutani akasikia mtetemo. Akakubali. Usiku ule tulikula tukiwa tunataniana.

Ijumaa umeme ulikatika mji mzima tangu asubuhi. Mashine haikuwaka. Nilikuwa ndani nakunywa uji, Milembe yuko jikoni anakoroga mboga. Saa tisa, uzi ule ule ukaimba.

Nikasikia tu kwamba mwiko umeacha kugonga sufuria. Uzi ukaimba mpaka ukachoka. Kisha mwiko ukaendelea. Hatukuulizana, si wakati ule wala wakati wa kulala, na hadi leo sina mashine ya kuisingizia.

Jumamosi saa kumi alasiri tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Mwalimu wetu ni Paschal, mtu ambaye hata akipiga chafya anatafuta ufunguo wa sauti. Nikachomeka gitaa kwenye spika kubwa ya kanisa, nikakaa jirani nayo kama mfalme. Ubeti wa kwanza ulikwenda hadi Paschal akafumba macho. Baada ya ubeti akainua mkono tunyamaze kabla ya kiitikio. Watu wote wakanyamaza.

Gitaa halikunyamaza.

Mikono yangu ilikuwa hewani, wote waliiona. Sauti ilianza chini, kama mtu anayeguna usingizini, ikapanda, ikanenepa, ikawa mlio mmoja mrefu usiopumzika, mpaka vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Nikaziwekea nyuzi kiganja, ikakoma. Nikainua kiganja, ikarudi, safari hii haraka zaidi, kama mtu uliyemkatisha maneno.

"Namjua huyo," akasema Wilhelmina, wa sauti ya pili.

"Unamjua nani?" Paschal akamuuliza.

"Maige, geuza mgongo wa hilo gitaa."

Nikaligeuza. Kulikuwa na ufa ulioungwa kwa gundi, na kando yake alama ya kuungua, kama mtu aliwahi kusahau sigara.

"Mimi nimezaliwa Lamadi," akasema. "Hilo ni la Deogratias, aliyekuwa anapiga kwenye baa za stendi. Tulimzika mwezi wa tatu. Ukoo haujakaa na matanga hayajaanuliwa. Nani amekupa?"

Kwa asiyejua taratibu zetu, vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka ukoo ukae, mjane aulizwe, ndipo kila kitu kipewe mtu wa kukishika kwa jina la aliyekwenda. Hata jembe lake linasubiri pale alipoliegemeza. Mimi nilikuwa nimebeba gitaa la mtu ambaye kwa taratibu bado hajamaliza kuondoka, na pamba nikamtoa.

Paschal alisema nisilirudishe tena kanisani. Lakini Paschal si tatizo; tatizo lilikuwa nyumbani, maana habari ilinitangulia. Nilimkuta Milembe amekunja nguo za Gloria, amezipanga kwenye begi.

"Sikutishii, baba Gloria," akasema. "Nakuambia tu ujue. Hilo likirudi kulala humu, mimi na mtoto tunakwenda Ipililo kwa baba. Chagua nani alale nje."

Lililala kwa Sylvester, fundi redio mwenye kibanda jirani na changu. Jumapili mchana aliligeuzageuza, akachomeka, akalisikiliza likilia, na wala hakushtuka. Alikuta waya mmoja wa ethi, ule wa kutuliza umeme, umekatika, akauunga kwa risasi ya kuyeyusha, mngurumo mdogo uliokuwa chini ya mlio ukaisha. Mlio mkubwa ukabaki.

"Hili tumbo liko wazi," akasema. "Sauti ya spika inaingia kwenye matundu, tumbo linaitikia, spika inaikuza, inarudi tena. Mwenye nalo alikuwa anajua. Hukukuta kitu humo ndani? Sponji, matambara?"

Nikamwangalia.

"Pamba," nikasema.

"Ziko wapi?"

"Mke wangu amezichoma."

Sylvester alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha moto. Kumbe nimelipa hela, nikabeba gitaa na dawa yake, dawa nikaitia moto, nikabaki na ugonjwa. Nikaenda kuomba pamba kwa mtu aliyekuwa anapima mzigo wake, nikazishindilia tabaka kwa tabaka kama nilivyozikuta. Tukachomeka. Kimya. Sauti nene, iliyoshiba, na mikono ikitoka, kimya.

Nikakimbia nyumbani kumweleza Milembe. Nilieleza vizuri, na mikono nikiizungusha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza? Mimi sikuuliza linalia kwa nini. Nimeuliza ni la nani. Na ile Ijumaa, spika ilikuwa wapi?"

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi tulikwenda Lamadi kwa mjane wa Deogratias, wote wawili, Gloria tukamwacha kwa jirani na begi lake likiwa limefungwa vile vile. Njiani Milembe aliongea mara moja tu: "Nikiliona mgongoni kwako tukitoka kwa huyo mama, usinisubiri." Moyoni mimi nilikuwa na mpango. Nilikwenda kuomba baraka, nikitaka mjane aseme mbele ya mke wangu kwamba nimeruhusiwa, ili nirudi na vyote, mke na gitaa. Mtu aliyepoteza vitu vingi hujifunza kuvishika kwa mikono miwili.

Mjane aliitwa Klementina, mama mtu mzima, amejifunga kitenge cheusi, anaanua dagaa. Alituona tukiingia, akaona nilichobeba, akasimama na uso ukafunguka wote.

"Karibuni, karibuni! Kumbe fundi ndiye wewe? Limepona?"

Nikalishusha gitaa begani.

"Constantine aliniambia lina ufa mpya, limepelekwa Bariadi kwa fundi," akasema. "Nimekuwa nahesabu siku. Ukoo unakaa mwisho wa mwezi, nikajiuliza, wakiuliza gitaa la Deo liko wapi nitaonyesha nini?"

Milembe akanikanyaga mguu. Hakuwa na haja.

Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata pamba zilizochomwa. Uso wake ukarudi kujifunga taratibu, kama duka. Akamtuma mtu amwite Constantine, ndugu wa marehemu, naye akaja anafuta mikono, na aliponiona akaanza kuongea kabla ya salamu.

"Shemeji, nilitaka kukuambia. Nyavu zilikuwa zimeisha, na hela yenyewe imeshaingia ziwani. Sasa tufanyeje? Gitaa haliliwi. Marehemu halihitaji. Huyu kanunua kihalali."

"Kihalali kwa nani?" akauliza Milembe.

"Dada, wewe ni mgeni hapa."

"Mimi ni mgeni. Na wewe mwizi wa kwenu. Bora mgeni."

Klementina aliinua mkono, wote wakatulia. "Nataka nilisikie," akasema. "Spika yake iko ndani."

Ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kwa kanga, na juu ya kanga hakukuwa na vumbi. Nikachomeka. Nikapiga kidogo, taratibu, wimbo wa kwaya maana ndio uliokuja mkononi. Nikainua mikono. Kimya kizuri. Nikamtazama Milembe kama mwanafunzi aliyepata vema.

"Hapana," akasema Klementina. "Hizo pamba ni za baa. Alikuwa anaziweka akienda kazini. Akirudi nyumbani anazitoa. Zitoe."

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chetu, "nikizitoa litalia."

"Ndiyo."

Nikazitoa kwa vidole, zote, nikaziweka chini. Sauti ikaanza kule chini kabisa, kama mtu anayeguna usingizini, ikapanda. Chumba kilikuwa kidogo. Mlio ulikijaza mpaka kwenye meno. Milembe alinishika mkono, kucha zikaingia. Constantine aliangalia mlango. Mlio haukuwa kama wa kanisani. Kule ulikuwa unapiga kelele. Hapa ulipofika mahali fulani ulitulia, ukakaa, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.

Klementina alikuwa amefumba macho.

"Mwadila," akaliitikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu asiyegeuka kutoka kwenye kazi yake kwa sababu anajua nani ameingia.

Nikazima spika. Nakiri nilizima kwa woga, na woga wangu hupenda kuvaa nguo za ualimu. Hapo mjinga akarudi kwenye kiti chake.

"Mayu," nikasema, "naomba nikueleze jambo, usije ukajitesa bure. Huyu si Deo. Tumelifungua na fundi, tumeona. Ni hewa tu. Inaingia kwenye haya matundu, inazunguka humu tumboni, inatoka, inaingia tena. Hakuna mtu. Nikirudisha pamba hutasikia kitu. Mimi nililitafuta gitaa hili ujana wangu wote, na hela yangu hairudi, shemeji yako amesema. Niruhusu niondoke nalo kwa moyo mweupe. Hewa haina ukoo, mayu. Hewa si mtu."

"Hapo kasema kweli," Constantine akadakia. "Ni hewa."

Klementina alifumbua macho. Hakumwangalia Constantine. Aliniangalia mimi, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Hata Deo alikuwa hewa tu, mwanangu. Inaingia, inatoka. Ilipokoma watu wakaja kunipa pole. Pole ya nini, kama hewa si mtu?"